Ndege wa Uani na Kamera Yako

Mtalii anayekuja Serengeti ana siku tatu, gari la kukodi na lenzi yenye bei ya kiwanja. Wewe una mpapai, beseni la maji na mwaka mzima. Kwa ndege wadogo, mwaka mzima ndio unaoshinda. Chozi aliyekuja leo asubuhi kwenye mgomba wako huenda akarudi kesho saa zilezile, akatua kwenye tawi lilelile kabla ya kuliendea ua, na akimaliza akaondokea upande uleule. Mgeni hana muda wa kuyajua hayo. Wewe utayajua bila kununua chochote, na maelezo yote yanayofuata yanasimama juu ya hilo: mjue ndege kwanza, kamera ije baadaye.

Ninaandika nikiwa Dar es Salaam, kwa hiyo mifano mingi ni ya Pwani. Msomaji wa Nairobi, Arusha au Bukoba atabadilisha majina ya ndege wachache, lakini mbinu hazibadiliki.

Anza na daftari

Wiki ya kwanza iache kamera ndani. Chukua kiti na kikombe cha chai, ukae barazani kuanzia jua linapochomoza, na uandike mambo manne tu: ndege gani, saa ngapi, ametua wapi, ametokea upande gani. Usijisumbue na majina ya kitaalamu. "Mdogo, kijani inayong'aa, mdomo umepinda" yatosha kwa sasa. Wiki ikiisha utaona daftari limeanza kujirudia. Shomoro wanashuka pale mchele unapopepetwa. Shore, yule wa kahawia mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anawahi kuimba na anawahi vilevile kulivamia papai lililoiva. Tetere wanakuja wawili wawili na kutembea chini wakiokota. Kuzumburu, wenye mkia mrefu kuliko mwili, wanaingia kundi zima, kisha wananing'inia matawini wakiliota jua kwa matumbo.

Cha kutazamwa zaidi ya vyote ni kituo. Ndege mdogo haendi moja kwa moja kwenye chakula au maji. Anatua kwanza mahali palipoinuka, anamwangalia paka, anamwangalia kunguru, anakuangalia wewe, ndipo anashuka. Mahali hapo, iwe ni kamba ya kuanikia nguo, ncha ya kuti au nondo iliyochomoza ukutani, ndipo pa kuelekezea lenzi. Akiwa kwenye chakula, kichwa kimeinama na nusu ya mwili imefichwa na majani. Akiwa kituoni amesimama wima, shingo juu, jicho wazi.

Kama kituo alichokichagua ni kibaya, tuseme waya wa umeme, mpe kilicho bora. Funga tawi kavu la mpera au la mwarobaini kwenye nguzo, karibu na maji, liwe jembamba na lenye ganda linalopendeza, kwa sababu nalo litaonekana pichani. Atalikwepa mwanzoni, kisha atalizoea. Kabla hujalifunga, simama pale utakapokaa na kamera, uangalie nyuma yake kuna nini. Ukuta wa matofali ulio nusu mita nyuma ya ndege utatokea na kila mstari wa saruji. Majani yaliyo mita kumi nyuma yake yatayeyuka yawe rangi tupu ya kijani, na ndege atajitokeza. Picha nyingi mbaya za ndege wa nyumbani ni picha nzuri za ndege zilizopigwa mbele ya bati, tangi la maji au shuka la jirani. Dawa yake ni kuhama hatua moja kushoto au kulia. Ni bure, na bado watu hawaifanyi.

Jua letu lina haraka

Vitabu vya Ulaya husifu mwanga wa manjano wa asubuhi na jioni, nao unastahili sifa. Kwao jua hupanda kwa mshazari, mwanga huo ukakaa muda mrefu. Sisi tulio karibu na ikweta tunalipata likipanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kila saa. Likichomoza saa kumi na mbili na kitu, ikifika saa tatu limekwisha kuwa juu: kivuli kinamwangukia ndege chini ya macho na tumboni, na manyoya ya mgongoni yanachomeka yawe meupe. Kwa hiyo kazi yako ni kuanzia mapambazuko hadi saa mbili na nusu hivi, halafu tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Katikati hapo pumzika, au fanya kazi kivulini tu.

Jua liwe mgongoni kwako. Kivuli chako kikimwelekea ndege, umekaa sawa. Ukijikuta unapiga ndege aliye juu ya mti huku nyuma yake kuna mbingu nyeupe, acha. Atatoka mweusi, au mbingu itaungua. Subiri ashuke mpaka nyuma yake pawe na majani.

Siku za mawingu zina heri yake. Julai na Agosti, Nairobi inapofunikwa na wingu la kijivu wiki nzima, mwanga unakuwa laini na unaweza kupiga hata saa sita mchana, mradi ukubali kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 800 au 1600. Masika nayo, mvua ikikatika, ndege waliolowa hutoka kujikausha na kujinyoosha mabawa mahali pa wazi, na hawana haraka ya kuondoka. Usiikose nusu saa ile baada ya mvua.

Kamera za kisasa hupima mwanga wa eneo zima kisha zikajaribu kuufanya wa wastani, ndiyo maana hukosea kwa ndege weupe na weusi. Yangeyange aliyesimama juani hutoka kama karatasi tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, ukapunguze kidogo, kati ya nusu na moja. Kwa kunguru fanya kinyume, ongeza. Kwenye simu, bonyeza juu ya ndege na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, halafu telezesha kidole juu au chini kubadili mwanga.

Maji kuliko chakula

Watu wengi wakisikia kuvuta ndege hukimbilia kumwaga chakula. Kama unaishi Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa, nakushauri usimwage. Atakayekuja ni kunguru wa Bara Hindi, yule mweusi mwenye shingo ya kijivu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, akaivuka bahari, na leo ameutawala mwambao. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na ndege wadogo wakimwona wanatoweka. Dar es Salaam na pwani ya Kenya zimewahi kuendesha kampeni za kuwapunguza kwa sumu, na bado wapo. Makombo ya ugali na wali uani kwako ni mwaliko kwao. Sehemu za bara ambako bado hajafika, chenga za mchele au mtama kidogo asubuhi hazina neno, lakini usiweke mkate wala chakula chenye chumvi.

Maji ndiyo yenye baraka. Tafuta chombo kipana na kifupi: kigae cha udongo, sahani kubwa ya kuwekea chungu cha maua, hata mfuniko wa ndoo uliogeuzwa. Kina kisizidi vidole viwili vilivyolazwa. Chombo kikiteleza, tia mawe mabapa ndani ili ndege apate pa kushika. Kiinue juu ya kigoda au tofali, kiwe wazi kiasi cha paka kukosa pa kujificha, lakini kichaka kiwe karibu ili ndege apate pa kukimbilia.

Yamwage maji hayo kila siku na utie mengine. Mbu wa dengi huzaliana katika maji masafi yaliyotuama majumbani, na Dar es Salaam ililijua hilo vizuri mwaka 2014 na tena 2019. Maji yanayobadilishwa kila asubuhi hayampi kiluwiluwi muda wa kuwa mbu.

Hapo kwenye maji utaona jambo litakalokusaidia kupanga picha. Tetere na njiwa hutumbukiza mdomo na kufyonza bila kuinua kichwa. Wanakupa sekunde kadhaa za utulivu kamili, kwa hiyo ni ndege wazuri wa kuanzia. Shore na shomoro hawawezi hivyo: huchota tone, huinua kichwa, na maji hushuka kooni kwa uzito wake. Picha ni pale kichwa kinapoinuka, tone likiwa bado linaning'inia ncha ya mdomo. Ukibonyeza ukiliona tone umechelewa. Bonyeza kichwa kinapoanza kupanda, na uiache kamera ipige mfululizo. Wakioga je? Pandisha kasi ya shata hadi 1/2000 ikiwa unataka kila tone ligande hewani, au shusha hadi 1/60 ukitaka maji yawe ukungu na kichwa kibaki wazi. Hiyo ya pili hufaulu mara chache, lakini ikifaulu utaitundika ukutani.

Mwenye simu peke yake asikate tamaa, kwani hapa kwenye maji ndipo simu inaposhindana na kamera kubwa. Tatizo la simu ni umbali: ukiivuta picha sana inachakaa. Basi ipeleke simu kwa ndege. Isimamishe kwenye stendi ndogo, au iegemeze kwenye tofali, mita moja kutoka kwenye chombo, na uweke fokasi kwenye ukingo wanakotua. Kisha rudi barazani. Simu nyingi hukubali kupiga picha kwa kitufe cha sauti cha spika za masikioni zenye waya, au kwa kile kirimoti kidogo kinachouzwa pamoja na fimbo za selfi. Ndege humwogopa binadamu. Kidude kilichotulia juu ya tofali hukizoea upesi.

Chozi, ndege wa kukutia wazimu

Sasa tuje kwa anayependwa na wote. Chozi ni mdogo, hatulii, na rangi zake hukataa kutokea. Umemwona kwa macho kijani na zambarau zikiwaka, ukapiga, ukafungua picha, ukakuta ndege mweusi. Kamera haijaharibika. Rangi ile inayowaka kichwani na kifuani haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Inatokana na muundo mdogo mno wa unyoya wenyewe, unaourudisha mwanga kuelekea upande fulani tu. Ndege akigeuza kichwa kidogo, taa inazimika. Kwa hiyo usitafute rangi kwa kurekebisha kamera. Itafute kwa kukaa. Jua liwe mgongoni kwako, chini, na wewe uwe karibu usawa mmoja na ndege. Halafu piga mfululizo kila anapogeuza kichwa. Katika picha kumi za mfululizo mmoja, kichwa kitakuwa cheusi kwenye nyingi na kitawaka kwenye moja au mbili. Hizo ndizo za kuhifadhi.

Wapi pa kumngoja? Ua la mgomba. Liangalie kwa karibu: lile gamba la zambarau linapojikunja juu, chini yake kuna safu ya vijiua vya rangi ya maziwa, na utomvu mtamu wake ndio anaoufuata. Chozi hutua juu ya gamba lenyewe au kwenye shina la mkungu, hujipinda kichwa chini, mdomo uliopinda ukaingia kijiua kimoja baada ya kingine kwa mpangilio. Kwa kuwa gamba jipya hufunguka karibu kila siku, hana sababu ya kuacha kurudi, na kwa kuwa ua linaning'inia mahali pamoja, unaweza kuweka kiti na fokasi mapema. Huna mgomba? Mshubiri unapotoa maua humvuta, na mbambangoma ukichanua hukusanya chozi wa mtaa mzima. Mwenye kiwanja na subira apande mshubiri, kwani hauombi maji na hauombi mbolea.

Kuhusu umbali, fanya hesabu kabla ya kununua lenzi. Kamera ya kawaida yenye kihisi cha ukubwa wa APS-C na lenzi ya milimita 300 humfanya chozi wa sentimita 12 ajaze karibu theluthi ya upana wa picha akiwa mita tano kutoka kwako. Akiwa mita kumi ni sehemu ya sita tu. Kukaribia mita tano hakuhitaji fedha. Kunahitaji ukae chini, usitikisike, na uvae nguo isiyong'aa. Shata isipungue 1/1000, na ISO iache ijipange yenyewe.

Dume la chozi msimu wa kuzaa hugombana na kila dume mwenzake, pamoja na yule anayemwona kwenye kioo cha pembeni cha gari lako. Atapigana naye asubuhi nzima. Picha zake zinachekesha, lakini ndege anajichosha bure. Piga chache, kisha kivike kioo soksi au mfuko.

Mnana na kazi yake

Kama chozi amekushinda, nenda chini ya mnazi. Mnana wa manjano, anayeifuma nyumba yake kwa nyuzi za makuti, ni mwalimu mzuri wa picha za matukio, kwa sababu kila anachofanya anakirudia. Mvua zinapokaribia dume hubadili manyoya na kuwaka manjano, kisha huanza kazi. Anatua kwenye kuti, anang'ata ukingo, anaruka nao, na uzi mrefu wa kijani unachanika ukimfuata. Anakuja nao kwenye kiota, anaupitisha, anauvuta, anaufunga kwa mdomo na miguu. Kiota kikikamilika ananing'inia chini yake kichwa chini, akipiga mabawa na kupiga kelele, akimwita jike aje akague. Jike asiporidhika hasogei.

Hapa usimfuate ndege kwa lenzi. Weka fokasi kwenye mlango wa kiota, shata 1/1600, kaa pembeni jua likiwa nyuma yako, na umngoje arudi na uzi. Atarudi. Pembe ikiwa kali sana, yaani ukipiga kutoka chini kabisa ya mnazi, utapata matumbo na mbingu tu. Rudi nyuma, au panda ghorofani kwa jirani kama anakubali.

Dirisha, kamera na ukungu

Nyumba yenyewe ndiyo kificho bora kuliko kibanda chochote. Tatizo la madirisha yetu ni wavu wa mbu na nondo. Nondo hazisumbui, pitisha lenzi katikati yake. Wavu ni habari nyingine: hata ukiusogeza karibu na lenzi mpaka usionekane, unaipaka picha yote maziwa. Kama fremu ya wavu inatoka, itoe kwa saa hiyo moja na ufunge pazia au kanga kuzunguka lenzi, taa za ndani zikiwa zimezimwa. Kama haitoki, bora utoke nje ukakae kwenye kigoda. Kigoda kina faida ya ziada: shomoro na tetere walao chini hupendeza wakipigwa usawa wa macho yao. Ukiwapiga umesimama utapata migongo.

Kuhusu kununua, sina mengi. Kamera ya mtumba yenye lenzi ya 70–300, au ile ya lenzi ndefu isiyotoka, inatosha kwa miaka. Ukiwa dukani Kariakoo au Luthuli Avenue, usiridhike na umbo la nje. Washa tochi ya simu, uipitishe nyuma ya lenzi, uchungulie mbele. Ukiona nyuzinyuzi au vidoa vyenye mizizi ndani ya kioo, hiyo ni fangasi, irudishe kwa mwenyewe hata akishusha bei. Pwani joto na unyevu huikuza haraka. Hifadhi vifaa kwenye kopo la plastiki linalobana, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Usitie mchele, vumbi lake litakuletea kazi nyingine.

Viota, watoto na majirani

Kiota chenye mayai au makinda kiache. Najua kinavyovutia, hasa kile cha chozi, mfuko mdogo uliofungwa kwa utando wa buibui, wenye mlango wa pembeni, ambao jike huutundika hata kwenye waya wa taa ya barazani. Lakini kila unapolisukuma jani ili uone vizuri unaondoa kivuli kilichomkinga kinda na jua, na kunguru yuko juu ya paa anaangalia unakokwenda. Ukitaka picha, piga mzazi akiwa njiani na chakula mdomoni, kutoka mbali, bila flashi. Akisita kuingia huku amekushikia jicho, wewe ndiye sababu, ondoka. Na usimpigie ndege sauti ya dume mwenzake kutoka kwenye simu ili aje. Anakuja kweli, akidhani amevamiwa, na anaacha kula ili apigane na spika.

Mtaani kwenu kuna vijana wenye manati. Kuwafukuza hakusaidii, watahamia uwanja wa pili. Waonyeshe picha uliyopiga, uwape darubini au simu, uwaulize kiota cha fulani kiko wapi. Wanajua kuliko wewe, na mara nyingi ndio watakaokupeleka.

Jirani naye ana haki yake. Lenzi ndefu iliyoelekezwa juu ya ukuta ni lenzi iliyoelekezwa kwenye bafu la mtu. Pita umwambie, umwonyeshe picha za ndege, umtumie moja. Ukitoka nje ya geti, kaa mbali na kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari na makazi ya viongozi hata kama keremkerem mzuri kuliko wote ametua kwenye uzio wake. Askari hana namna ya kujua ulikuwa unapiga ndege.

Ukisharudi ndani

Futa bila huruma. Jicho likiwa halina makali picha imekufa, hata mabawa yakiwa mazuri namna gani. Iliyobaki kata kingo zake, lakini mwachie ndege nafasi mbele ya mdomo kuliko nyuma ya mkia. Usimwongezee rangi. Dume la mnana lina manjano ya kutosha. Ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama hati, vinginevyo picha itabanwa na manyoya yote uliyoyahangaikia yatageuka tope.

Kwa majina, kitabu cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha ndege wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 2002, bado ndicho wengi wetu tunachobeba, na programu ya Merlin hutambua ndege kwa picha au sauti bila malipo. Iamini nusu. Majike ya chozi na mnana wasio na rangi za msimu huichanganya, kama wanavyotuchanganya sisi. Wakazi wa Nairobi wana bahati: matembezi ya Nature Kenya ya kila Jumatano asubuhi huanzia Makumbusho ya Nairobi, na pale utamkuta mtu wa kukuambia jina la ndege wako kabla hujamaliza kuitoa simu mfukoni.

Kila picha unayoihifadhi iandikie tarehe na mahali. Kisha itie kwenye tovuti ya kumbukumbu za ndege ya eBird, au uwapelekee kumbukumbu zako watu wa Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas. Wageni hupiga picha mbugani. Ndege wa Tabata, wa Kisauni na wa Mwanga kule Kigoma wanawategemea wanaoishi huko. Na kunguru mpige pia, umwandikie tarehe: wanaofuatilia anavyoenea kuelekea bara wanahitaji kujua amefika wapi.